Rhine, Bavaria au Thüringen: mgeni wako umpeleke kwenye ngome zipi za Ujerumani?

Kila mwaka ikikaribia Mei simu zinaanza. Mama mdogo anakuja. Shemeji kapata viza, ana siku tano tu. Rafiki niliyesoma naye Iringa anapita Frankfurt akitoka kwenye mkutano. Ombi la wote ni moja: "Nipeleke kwenye zile ngome za Wajerumani."

Zipo kwa maelfu, kwa hiyo lazima uchague. Mimi naishi Frankfurt, na kwa safari hizi hapa ni katikati kabisa, maana njia tatu kubwa za miji ya kale ziko jirani. Magharibi kuna bonde la mto Rhine. Kusini-mashariki inaanza Romantische Straße, yaani Barabara ya Mahaba, inayoshuka Bavaria hadi milima ya Alps. Kaskazini-mashariki kuna Thüringen na ngome yake ya Wartburg. Nimetembeza wageni kwenye zote tatu, mara nyingine kwa basi la watalii lenye mwongozaji, mara nyingine kwa treni na miguu yetu. Njia hizi hazifanani hata kidogo. Iliyomfurahisha shemeji ilimchosha mama.

Ngome ni moja, kasri ni lingine

Mjerumani ana maneno mawili, na bahati nzuri nasi tunayo mawili. Burg ni ngome: kuta nene, matundu membamba ya kurushia mishale, kisima ndani, lango juu ya lango. Ilijengwa ili watu wapone. Schloss ni kasri: vioo, dhahabu, bustani, ngazi pana za kushukia wageni. Lilijengwa ili watu waone. Aliyewahi kutembea ndani ya Fort Jesus kule Mombasa anaielewa Burg papo hapo.

Neuschwanstein, lile jengo jeupe la kwenye kalenda, limejengwa kwa sura ya ngome lakini ni kasri, tena changa. Ujenzi ulianza mwaka 1869, wakati garimoshi lilishazoeleka Ujerumani nzima. Hakuna adui aliyewahi kulizingira. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi yoyote muulize mgeni: unataka kuona watu walivyojilinda, au mfalme alivyojipamba? Jibu lake linakata nusu ya ramani.

Basi la watalii: unanunua nini hasa

Safari ya kwanza niliyomnunulia mama ilikuwa ya siku moja, kwa basi kubwa zuri lenye kiyoyozi na mwongozaji mwenye kipaza sauti. Kwenye kipeperushi kulikuwa na picha ya Neuschwanstein. Tulitoka alfajiri. Tulipofika chini ya mlima, mwongozaji akatangaza kwamba tuna saa mbili na nusu, na anayetaka kuingia ndani akajinunulie tiketi dirishani. Dirishani tiketi za siku ile zilikuwa zimekwisha. Nikasoma tena karatasi yangu: kwa maandishi madogo ilisema kiingilio hakimo. Mama alipanda taratibu mpaka langoni, akagusa ukuta, tukapiga picha, tukashuka. Ndani ya basi aliniambia kwa upole, "Mwanangu, tumekuja kushika ukuta." Sikulala vizuri usiku ule.

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo ambalo vipeperushi havilisemi wazi. Katika ngome nyingi kubwa za Ujerumani huruhusiwi kuzunguka ndani peke yako. Neuschwanstein, Marksburg, Burg Eltz: zote unaingia na mwongozaji wa jengo lenyewe, kwa kundi, na Neuschwanstein ni kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Yule wa kwenye basi anabaki nje. Maana yake ni kwamba hata ukilipia safari ya kuongozwa ya siku nne, saa utakazokumbuka maishani unaongozwa na mtu mwingine ambaye ungempata vilevile kwa kushuka treni na kununua tiketi yako. Basi linakuuzia usafiri, hoteli, na kutofikiri. Kwa mzee au kwa kundi la watu ishirini wa kanisani hilo ni jambo kubwa, silidharau. Lakini lijue ndilo unalolipia.

Ukiamua basi, soma mambo manne: kiingilio kimo au hakimo, na kama kimo kina saa maalumu, mnakaa saa ngapi kila mahali, maelezo ni kwa lugha gani, na basi linashusha abiria umbali gani kutoka langoni. Hili la nne ndilo wengi wanaliruka, nalo ndilo linaloumiza magoti.

Rhine: ngome nyingi, mwendo mfupi

Bonde lenyewe, kuanzia Bingen na Rüdesheim hadi Koblenz, lina kilomita 65 tu, na UNESCO ililiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2002. Ndani ya kilomita hizo kuna ngome na magofu yapata 40. Wingi huo umetokana na fedha. Mto ulikuwa barabara kuu ya biashara, na kila kabaila au askofu aliyeshika kipande cha ukingo alisimamisha ngome juu yake, akazuia mashua, akadai ushuru. Pfalzgrafenstein pale Kaub haikujengwa hata mlimani. Imesimama katikati ya maji, juu ya mwamba wa kisiwa, kama chombo kilichotia nanga, na tangu karne ya 14 kazi yake ilikuwa kukusanya ushuru.

Njia hii ndiyo ninayompa mgeni mwenye siku mbili, au mwenye miguu mizito. Sababu ni meli. Unapanda Bingen, unakaa sitaha ya juu, na ngome zinapita zenyewe kulia na kushoto kwa saa moja na nusu hivi mpaka St. Goar. Panda inayoshuka na mkondo kuelekea Koblenz. Inayopanda inachukua muda mrefu zaidi kwa umbali uleule. Juu ya St. Goarshausen utaona ngome iitwayo Katz, Paka, na mbele kidogo nyingine iitwayo Maus, Panya. Ya kwanza ni ya makabaila wa Katzenelnbogen, ya pili ya maaskofu wakuu wa Trier waliokuwa wapinzani wao, na watu wa mtoni wakazipa majina kwa jinsi walivyoziona zikitazamana. Watoto wa shemeji wamesahau kila kitu cha safari ile isipokuwa Paka na Panya. Kabla tu ya kuzifikia ngome hizo mbili mto unabana, mwamba wa Loreley wenye urefu wa mita 132 unasimama upande mmoja, na vipaza sauti vya meli vinaanza kupiga wimbo wa binti aliyekuwa akichana nywele huku manahodha wakigonga miamba. Wazee wa Kijerumani wanaimba kwa sauti ya chini. Hapo nyamaza, usikilize.

Lakini meli peke yake haitoshi. Mpeleke mgeni Marksburg, juu ya mji mdogo wa Braubach, karibu na Koblenz. Ngome nyingi za mto huu ziliharibiwa, hasa na majeshi ya mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa mwaka 1689, na baadhi zilijengwa upya karne ya 19 kwa namna wakuu wa Prussia walivyodhani ngome inapaswa kupendeza. Marksburg ndiyo ngome ya mlimani katika eneo hili ambayo haikuwahi kubomolewa, na tangu mwaka 1900 iko mikononi mwa chama cha Wajerumani cha kuhifadhi ngome.

Ukipita lango la kwanza unakanyaga ngazi zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe. Hazilingani: moja pana, nyingine ya kuteleza, nyingine imelalia upande. Zilichongwa kwa ajili ya farasi. Mwongozaji alitusimamisha pale, akatuambia tutazame chini, tuwaze kukimbia tukiwa tumevaa deraya ya chuma. Jikoni kuna meko ambayo mtu anaweza kusimama ndani yake. Na kwenye ukumbi wa juu kuna kamlango kadogo. Ukichungulia ni choo, kibanda cha mawe kilichoning'inia nje ya ukuta, shimo lake linaangalia chini kwenye miamba. Mama alikitazama kwa muda, akauliza, "Na mlango wanafungia ndani?" Mwongozaji akacheka, akasema swali hilo analipenda. Ziara ni dakika 50 hivi. Kwa maoni yangu hakuna dakika 50 bora za ngome katika safari zote tatu.

Kasoro zake zipo. Kutoka stesheni ya Braubach hadi langoni ni mlima, na huo mwamba wa farasi ukinyeshewa unateleza vibaya. Usiku, treni za mizigo zinapita kingo zote mbili za mto, na bonde linarudisha mwangwi. Mwenye usingizi mwepesi aombe chumba cha upande wa nyuma. Tena kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja hata moja. Kuvuka ni kwa pantoni, kama Likoni au Kigamboni, nazo usiku mwingi zimelala. Ukipanga kulala ukingo mmoja na kula ukingo wa pili, tazama saa.

Mwenye bajeti ndogo alale Bacharach, mji wa nyumba za mbao na mizabibu. Juu yake ngome ya Stahleck imegeuzwa hosteli ya vijana, na familia zinapokewa. Unalala ndani ya ngome, mto uko chini yako, bila kulipa bei ya hoteli.

Burg Eltz wengi huiunganisha na Rhine ingawa iko upande wa mto Mosel, ndani ya msitu. Ukoo mmoja umeimiliki kwa zaidi ya miaka 800, na ilikuwa nyuma ya noti ya zamani ya mark 500. Ni nzuri kupita maelezo. Imefungwa majira ya baridi, na kutoka stesheni ya Moselkern unatembea msituni zaidi ya saa moja. Kwa vijana hiyo ni raha tupu. Kwa mama nilitafuta gari.

Barabara ya Mahaba: miji mizima, barabara ndefu

Kutoka Würzburg hadi Füssen ni zaidi ya kilomita 400. Jina hilo la mahaba si la kale: lilibuniwa mwaka 1950, miaka mitano baada ya vita, ili watalii warudi. Miji yenyewe ni ya kale kweli, ila umbali huo ndio unaoamua kila kitu. Kwa siku mbili utaona viti vya basi. Kwa siku nne au tano, hasa ukiwa na gari, ndipo inakufungukia.

Usifanye kosa la kuipita Würzburg mbio ukiwahi Neuschwanstein. Kasri la maaskofu wa pale, liitwalo Residenz, limo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1981, na dari la ngazi zake kuu lilipakwa na Mwitalia Tiepolo mwaka 1752 na 1753. Ni miongoni mwa picha kubwa kuliko zote za aina hiyo duniani. Unapanda taratibu, ngazi ni fupifupi, na kadiri unavyopanda mabara manne yanakufungukia kwenye kingo za dari. Amerika ameketi juu ya mamba. Asia yuko juu ya tembo. Afrika ni mwanamke mweusi juu ya ngamia aliyepiga magoti, amezungukwa na wafanyabiashara na mizigo yao. Mchoraji hakuwahi kukanyaga Afrika. Nilisimama pale na rafiki yangu wa Iringa, shingo zimekakamaa, tukibishana iwapo yule mama anaonekana malkia au anaonekana bidhaa. Hatukumaliza ubishi. Tarehe 16 Machi 1945 mabomu yaliteketeza karibu mji wote kwa dakika 20 hivi, na kuba lile la mawe likabaki juu na picha yake.

Rothenburg ob der Tauber ndiyo kila mtu anaitaka, na inastahili, kwa sharti moja: lala huko. Mchana mabasi yanamwaga watu mpaka huoni nyumba. Jioni yanaondoka, na saa mbili usiku mlinzi wa zamu, kavaa joho jeusi, kashika taa na mkuki wenye shoka, anakusanya watu uwanja wa soko na kuwatembeza mitaani akieleza maisha ya mji kwa Kiingereza. Baadaye anarudia kwa Kijerumani. Ziara ya bei nafuu kama hiyo yenye maarifa mengi namna ile sijaiona kwingine.

Hapo utasikia kwa nini mji umebaki hivi. Ulikuwa tajiri, mji huru tangu 1274. Mwaka 1631, katika Vita vya Miaka Thelathini, jeshi la Tilly, jemadari wa upande wa Wakatoliki, liliuteka. Baada ya hapo ukafukarika, na haukuwa na fedha za kubomoa nyumba za zamani na kujenga za mtindo mpya, kwa hiyo za zamani zikabaki. Kisha tarehe 31 Machi 1945 mabomu yaliangusha sehemu kubwa ya upande wa mashariki. Panda ukutani ujionee: kuna njia ya mbao iliyoezekwa inayofuata ukuta kwa zaidi ya kilomita mbili, na kwenye mawe yake kuna vibao vyenye majina ya watu na miji ya nchi za mbali, kila kimoja na idadi ya mita. Ni wale waliochangia kuujenga upya. Mkono wako unaweza kupita kutoka jiwe la kale hadi jiwe la mchango. Mwongozaji mkweli atakuonyesha ni wapi.

Miji inayofuata naipita kwa haraka zaidi. Dinkelsbühl ni kama Rothenburg isiyo na msongamano, na mabomu hayakuigusa. Nördlingen imekaa ndani ya shimo lililochimbwa na kimondo miaka milioni 15 iliyopita, na ukuta wake wote unazungukika kwa miguu. Augsburg ina Fuggerei, mtaa wa nyumba za wasiojiweza ulioanzishwa na tajiri Jakob Fugger mwaka 1521. Bado wanaishi watu, na kodi ya nyumba ni senti 88 za euro kwa mwaka. Ukitembea na mtu anayefanya kazi za jamii, mpeleke huko hata kama itabidi uache kanisa moja.

Mwisho wa barabara ni Neuschwanstein. Nilirudi na mama mwaka uliofuata, tiketi nimenunua mtandaoni wiki kadhaa kabla. Ndani ni nusu saa tu, ngazi zaidi ya 300 ukijumlisha za kupanda na za kushuka, na picha haziruhusiwi. Ukumbi wa kiti cha enzi umejaa dhahabu na hauna kiti cha enzi: Ludwig wa Pili, mfalme wa Bavaria aliyelijenga, alifariki Juni 1886 akiwa na miaka 40, kazi haijakwisha, na wiki chache tu baadaye wakaanza kuwatoza watu kiingilio. Yeye mwenyewe alikaa humo siku zisizofika 200. Mwaka 2025 UNESCO iliorodhesha makasri yake. Inapendeza? Ndiyo. Je, ni nusu saa inayolingana na siku nzima ya safari? Kwa mtu aliyeota picha ile tangu utotoni, ndiyo. Kwa mwingine, hapana. Gari la farasi lipo lakini halifiki langoni. Bado utapanda kwa miguu dakika kumi na kitu.

Thüringen: ile ambayo vipeperushi vya watalii vinaisahau

Nakiri ndiyo ninayoipenda, kwa hiyo nisome ukilijua hilo.

Eisenach, Gotha, Erfurt, Weimar na Jena zimepangwa kwenye reli moja kama shanga. Kutoka Erfurt hadi Weimar ni robo saa, kutoka hapo hadi Jena ni karibu hivyohivyo. Unaweza kupanga chumba kimoja Erfurt na kutoka kila asubuhi bila begi. Kwa mgeni mzee hilo lina thamani kuliko hoteli ya nyota nne inayobadilishwa kila usiku.

Wartburg iko juu ya Eisenach. Martin Luther alifichwa humo kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522, akijiita Junker Jörg na kufuga ndevu, na katika muda wa majuma kama 11 alilitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Chumba chake ni kidogo, kuta za mbao, meza, kiti, na kibao cha kuwekea miguu ambacho ni pingili ya uti wa mgongo wa nyangumi. Kuna sehemu ya plasta iliyochimbika: mahujaji walikuwa wakibandua vipande vya lile doa la wino linalosimuliwa kwamba alimrushia shetani. Mama ni Mlutheri wa Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893. Alisimama mlangoni mwa chumba kile mpaka kundi la nyuma likaanza kukohoa. "Kumbe palikuwa padogo hivi," alisema. Hakusema zaidi, na jioni alimpigia simu mchungaji wake.

Jambo moja kwa wale wanaosita kati ya Wartburg na Neuschwanstein: Ludwig aliitembelea Wartburg mwaka 1867, na ukumbi wa waimbaji wa kasri lake aliuiga kutoka hapa. Ukiona Wartburg umeona chanzo.

Erfurt ina Krämerbrücke, daraja la mawe la mwaka 1325 lililojengwa nyumba juu yake. Ziko 32 na watu wanaishi humo. Ukipita katikati huoni mto wala hujui uko darajani. Inabidi ushuke pembeni uinue macho. Mji una pia sinagogi la karne ya 11, lililoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2023 pamoja na majengo mengine ya Wayahudi wa kale wa pale.

Na kwa msomaji wa pwani kuna Jena. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuja Ujerumani kama Emily Ruete, alifariki katika mji huu mwaka 1924. Aliwahi kuishi pia Rudolstadt, kusini yake, chini ya kasri la Heidecksburg. Rafiki wa kutoka Unguja niliyempeleka Rudolstadt hakuuliza habari za watawala wa pale hata kidogo. Alitazama theluji iliyokuwa ikidondoka juu ya paa la kasri, akasema, "Masikini, na baridi hii."

Udhaifu wa Thüringen ni lugha. Ziara za Kiingereza ni chache kuliko Bavaria, kwa hiyo tazama ratiba mapema, na kwa mgeni asiyejua Kijerumani jiandae kutafsiri kwa kunong'ona. Na kama mnapita Weimar, karibu yake kuna Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi. Mwambie mgeni kabla. Si mahali pa kumshtukiza mtu katikati ya matembezi.

Ukiziweka pamoja

Kwa magoti mabovu: Rhine kwa meli, kisha Thüringen. Bavaria ya mwisho. Kwa watoto: Rhine tena, na Rothenburg usiku; Neuschwanstein ndani wanachoka, ingawa walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio, ila tiketi lazima wakatiwe. Kwa mvua: Würzburg na Erfurt, maana kuna vya kuona chini ya paa. Kwa Novemba hadi Machi sahau meli na Eltz. Wartburg, Marksburg na Neuschwanstein zinapokea wageni hata baridi, na Desemba Rothenburg na Erfurt zina masoko ya Krismasi yanayovuta watu.

Kwa fedha, familia ya watu hadi watano itazame tiketi za siku za majimbo, kama Bayern-Ticket: mnapanda treni zote za mikoani siku nzima, siku za kazi kuanzia saa tatu asubuhi. Anayekaa wiki mbili au tatu huenda Deutschland-Ticket ya mwezi ikamfaa zaidi. Haikubaliki kwenye treni za kasi za ICE, na kwa kuwa ni ya kujisajili, ifute kabla ya tarehe 10 ya mwezi, la sivyo utakatwa mwezi mwingine mgeni akiwa ameshafika Kilimanjaro.

Kundi la kanisa au la chuo, watu kumi na tano kwenda juu, likodi basi. Hapo sina ubishi. Ila badala ya kununua safari iliyopikwa tayari, kodini basi na dereva, kisha kila mji mchukue mwongozaji wa mji huo kwa saa mbili kupitia ofisi yake ya utalii. Mwenyeji wa Rothenburg anajua ni jiwe gani limechangwa na nani. Yule anayekaa na kipaza sauti tangu Frankfurt anajua ratiba.

Na viza. Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji ya Schengen: ada euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Usimlipie tiketi za kasri zenye saa maalumu kabla pasipoti haijarudi na stika ndani.

Mama mdogo anakuja Septemba kwa siku saba. Magoti yake ni yaleyale ya ukoo wetu, na ni mzee wa kanisa. Nimempangia siku mbili Rhine, meli siku ya kwanza na Marksburg siku ya pili kama haitanyesha, halafu siku tatu Erfurt chumba kimoja. Ameuliza kuhusu lile jengo jeupe la kwenye kalenda. Nimemwambia tuone kwanza Wartburg, kisha ataamua mwenyewe, na siku mbili za mwisho nimeziacha wazi.